Mguu wa Baba Mdogo Kwenye Kerezo Lako

Baba,

Shikamoo. Habari za huko sizijui. Za huku nitakupa zote, hata zile ambazo ungeniambia nizimeze.

Kerezo lako, lile la kukerezea miguu ya vigoda, halipo. Halikuibwa, wala mchwa hawakulila. Tulilichoma kwenye msiba wako tukapikia ugali, watu wakala, wakashiba, wakashukuru. Na aliyeshika mwiko ni mimi, Kabula mwanao, niliyejua mlio wa kerezo hilo kabla sijajua kuhesabu. Nimekaa na jambo hili mwaka mzima. Leo nimeona nikuandikie wewe, maana walio hai wamechoka kunisikiliza. Dada yako, Shangazi Ngollo, ameniambia nikilitaja tena mbele yake atahama Mkolani.

Nianze na kosa lako, halafu langu, halafu la mdogo wako Shija, maana hilo ndilo kubwa.

Ulipokuwa kitandani miezi ile ya mwisho uliwaita wazee wa ukoo, Babu Lubinza akiwa mkubwa wao, na Baba mdogo Shija akiwa amekaa miguuni pako. Ukawaambia kibanda cha kazi na kiwanja chake ni cha mwenye kulikanyaga kerezo. Mwenyewe ulidhani umemaliza. Nani mwingine alikuwa analikanyaga? Tangu mguu wako uvimbe ni mimi niliyekanyaga na mimi niliyeshika patasi, wewe umekaa kwenye kiti unanisahihisha. Lakini hukunitaja jina. Ungesema tu, "ni cha Kabula." Maneno matatu, Baba. Wewe uliyekuwa unaweza kumsema jirani asubuhi nzima kwa sababu ya kuku, ulishindwa maneno matatu. Hilo nina kinyongo nalo na sijalimaliza.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza ya msiba alikuja Mzee Chilewa, yule mtani wako Mgogo wa Mkuyuni. Alikuja amevaa aproni yako na kofia yako, sijui alizipata wapi, akaingia kibandani akajifanya wewe. Akakohoa kama wewe. Akakanyaga, akasimama, akajishika kiuno, akapaza sauti: "Kabula, mti haukatwi kwa hasira." Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, na waliokuwa wanacheka wakarudi kulia. Halafu akalifungua kanyagio, ule ubao uliolika ukafanya shimo la mguu wako, akakimbia nalo, akasema maiti haitoki mpaka apewe soda. Tukampa. Akanywa, akasema haikuwa ya baridi, kanyagio harudishi. Ndivyo watani walivyo na hakuna aliyekasirika.

Kwa hiyo siku ya pili, nilipopita kibandani nikakuta kerezo lote halipo, mihimili haipo, vichwa havipo, ufito wa juu haupo, mimi nilicheka. Nilicheka, Baba. Niliona watani wamelibeba zima ili tulikomboe kwa mbuzi. Nikarudi jikoni nikawaambia akina mama kwamba safari hii Chilewa amezidi, na wao wakacheka. Shija akapita nyuma yetu, akasema kuna kuni kavu nyuma ya kibanda, tusihangaike na zile mbichi zinazotutoa machozi. Wakaenda kuzichukua. Zilikuwa zimepasuliwa vizuri, za saizi moja. Ziliwaka bila moshi. Mama mmoja akasema kuni hizi zina adabu, na mimi nikaitikia kwa kichwa huku nasonga ugali.

Siku ya tatu nilikuwa nazoa majivu. Koleo likagonga chuma. Nikachambua kwa mkono, na majivu bado yana moto, nikatoa zile ncha zako mbili za chuma, zile zinazoubana mti huku na huku ili uzunguke. Zilikuwa nyeusi lakini nzima. Nilikaa chini palepale kwenye majivu na gauni langu la msiba. Waliniinua wakidhani ni uchungu wa kufiwa. Ulikuwa uchungu, lakini haukuwa huo peke yake.

Nilikwenda Mkuyuni kwa Chilewa siku ileile. Alikuwa na kanyagio chini ya kitanda, amelifunga kwenye shuka. Nilipomwambia habari za majivu alilia, mzee yule mwenye maneno mengi, akalia kimya. Akaniambia, "Mtani huiba cha kurudisha. Hiki mlichofanyiwa si utani." Akanipa kanyagio. Soda hakuitaja.

Ikafika siku ya kuanua matanga, kikao cha ukoo kikakaa. Shija akasimama na suruali yake ya sufi na viatu vya kung'aa, sauti ya upole kabisa. Akasema kaka alisema mwenyewe, kibanda ni cha mwenye kulikanyaga kerezo. Je, kerezo liko wapi? Halipo. Basi hakuna wa kulikanyaga, na kibanda kinarudi kwenye ukoo. Na ukoo, Baba, ni yeye. Tayari alikuwa na mtu wa Nyakato anayetaka kiwanja aweke ghala la saruji.

Nikazitupa zile ncha mbele yao kwenye mkeka. Babu Lubinza akazitazama, akamtazama Shija, akamuuliza kama anazijua. Nilitegemea angekana. Hakukana. Alisema, "Mti ni mti. Msiba haulali njaa. Mlikula au hamkula?"

Na watu wote wakanyamaza, kwa sababu walikula. Hapo ndipo nilipojua kwamba mdogo wako si mjinga hata kidogo. Alitulisha kosa lake ili tuwe wakosaji wote. Kikulacho ki nguoni mwako, methali hiyo nilikuwa naiandika shuleni kwenye daftari bila kujua inamhusu nani.

Babu Lubinza hakuamua siku ile. Alisema wewe hukuzaliwa na kerezo, ulilitengeneza kwa mikono. Kikao kingekaa tena baada ya mavuno, na mimi nitengeneze lingine, nije nikanyage waone.

Basi nikatengeneza. Nisikudanganye kwamba nilitengeneza kwa kukukumbuka. Nilitengeneza kwa kumchukia Shija. Kila nilipochoka nilitamka lile neno lake, mti ni mti, na nguvu zilirudi. Nilipata mihimili miwili ya mninga kutoka kwenye paa la nyumba iliyobomolewa, nikailaza sambamba, nikaacha nafasi ya vidole vinne katikati, kama ulivyokuwa unapima wewe. Nikachonga vichwa viwili vya kusimama, nikavipigilia ncha zako zilezile. Nilisugua mpaka zikarudi kung'aa. Juu nikafunga ufito wa mkole, mrefu, unaopinda na kurudi. Kutoka kwenye ufito kamba ishuke, iuzunguke mti mara mbili, iende chini kwenye kanyagio lako, lile alilonirudishia Chilewa. Ukikanyaga, mti unazunguka kuja kwako na patasi inakata. Ukiachia, ufito unavuta, mti unarudi, na wewe unapumzisha mkono. Ukieleza hivyo linaonekana jambo la nusu siku.

Kamba ilinitesa miezi. Nilichukua ya nailoni kwa wavuvi, ikateleza kwenye mti mbichi na kupata moto mpaka ikanuka. Nikarudi kwenye ngozi ya ng'ombe kama wewe. Nikaiomba kwa muuza nyama, nikailoweka, nikaikata mshipi mmoja mrefu, nikaisokota, nikaitundika juani ikiwa imevutwa na jiwe. Mbwa wa jirani akaila. Yote. Nilimfukuza mbwa yule mpaka barabara kubwa, na patasi mkononi, watu wakaniita mwehu. Ya pili niliitundika juu ya bati.

Lakini kilichonishinda hasa ni urefu. Ukutani kulikuwa na ile alama, pale kichwa cha kerezo kilipokuwa kikisugua udongo miaka yote, na mimi nikajenga kufuata alama ile, sawasawa na lilivyokuwa. Lilipokamilika nilijiona nimekufufua. Halafu nikaanza kukereza. Bega likauma siku ya kwanza, siku ya pili shingo, na wiki ya pili patasi iliruka ikanichana kidevu. Nina kovu sasa, utalikuta. Kumbe miaka yote ya nyuma nilikuwa nasimama juu ya kile kipande cha gogo ulichoniwekea, na kile nacho kilichomwa, na mimi nilikuwa nimekisahau kabisa.

Shangazi Ngollo alikuja akanikuta nimefunga kitambaa kidevuni. Akalizunguka kerezo mara moja. Akasema, "Hili umemjengea marehemu. Atakuja kukereza?" Nilimkasirikia, sikumwamkia siku tatu, na unajua mwenyewe kutomwamkia Shangazi ni hatari kiasi gani. Siku ya nne nikachukua msumeno. Wewe ulikuwa unasema mti unaokerezwa ukae usawa wa kiwiko cha fundi. Kiwiko chako kilikuwa kule, changu kiko huku. Nilikata miguu ya kerezo huku nalia. Ilikuwa kama nakuzika tena, safari hii bila watu. Nilipomaliza nikafunga kipande cha mti, nikakanyaga, na maranda yakatoka marefu, yakanirukia kifuani. Sikufurahi. Nilisema tu kwa sauti, Shija sasa umekwisha.

Kikao kikakaa palepale kibandani baada ya mavuno. Shija alilikagua kerezo huku na huku, akasema hili si la kaka, la kaka lilikuwa refu, hili ni la mtoto. Babu Lubinza akamwambia alikanyage yeye basi, kama ni la mtoto litakuwa rahisi. Akavua koti. Ilibidi apinde mgongo kama anatafuta sindano. Akakanyaga mara tatu, mti ukamrushia patasi, ikaanguka karibu na kidole chake. Nikaja mimi. Nilikereza mguu mmoja wa kigoda, na shingo yake na tumbo lake na pete mbili, maranda yakamfikia Babu Lubinza miguuni. Akaokota moja, akalinusa. Akasema maneno ya marehemu yametimia, kibanda ni cha Kabula. Alinitaja jina, Baba. Yeye alilitaja.

Ikaja habari ya faini. Mtu kachoma chombo cha marehemu siku ya msiba, wazee wakasema atoe dume la ng'ombe. Nikamwona Shija anashusha pumzi. Ng'ombe anao, dume moja kwake ni nini? Angetoa, tungechinja, tungekula, na kwa mara ya pili angetulisha tukanyamaza. Nikasema ng'ombe wake simtaki.

"Nataka mguu wake."

Shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Nadhani walikumbuka habari ya mbwa na patasi. Ndipo nikawaeleza: wanawake kumi na mmoja walipika na mimi siku ile, wakachoma kerezo lako bila kujua. Kila mmoja nitamtengenezea kigoda cha miguu mitatu ya kukerezwa. Miguu hiyo yote thelathini na mitatu, patasi nitashika mimi, na kanyagio atakanyaga Shija, aliyesema mti ni mti. Babu Lubinza alicheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyepinga.

Akaja. Asubuhi ya kwanza alikuja na viatu vyake vya kung'aa, nikamwambia avue, kanyagio la kaka yake halikanyagwi kwa viatu. Alisimama ubavuni kwangu, mtu mzima, mvi kichwani, akakanyaga. Mimi mwanao nilichagua mninga mkavu wenye mafundo, wakati mti mbichi laini ulikuwepo umeegemea ukuta. Nilifungua mlango wa barabarani wote. Wanawake waliokuwa wanarudi sokoni walisimama: shikamoo Mzee Shija, kumbe umepata kazi? Alipokosea mwendo nilimwambia mti haukatwi kwa hasira, nikiwa na sauti yako kabisa. Jasho lilimtoka mpaka likaanguka kwenye maranda. Ilikuwa tamu, Baba. Sikufichi. Nilirudi nyumbani nikala nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Tulikwenda hivyo siku nyingi, hatuzungumzi. Kwenye mguu wa kumi na mbili, hakuna aliyemuuliza, akaanza kusema huku anakanyaga. Akasema kerezo lako la kwanza ni yeye aliyelikanyaga. Ujana wake wote. Wewe ulishika patasi, yeye alikuwa mguu. Watu walikuja wakakusifu wewe, fundi, fundi, na yeye wakamwita mguu wa fundi, mpaka jina hilo likamfuata na wasichana wa Mkolani wakalijua. Akasema alikuomba patasi, siyo mara moja, na hukumpa. Mpaka siku alipoondoka kwa hasira na kuapa hatakanyaga tena. Akasema alipoinua shoka siku ya msiba hakuwa anafikiria kiwanja kwanza. Kiwanja alikifikiria baadaye.

Nilikaza mkono kwenye patasi mpaka ile pete ikavunjika, nikatupa mguu ule, nikaanza mwingine. Je, ni kweli, Baba? Mbona hukuwahi kuniambia? Ulinipa mimi patasi nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, na mdogo wako ulimnyima. Nilikasirika mara mbili siku ile. Nilikukasirikia wewe, na nilimkasirikia yeye kwa kuwa na sababu. Adui mwenye sababu anakuharibia chakula.

Tangu siku hiyo mguu wake ukabadilika. Ukashika mwendo. Nilipokaribia shingo ya kigoda alipunguza mwenyewe, nilipofika kwenye tumbo aliongeza, na sikuwa nimemwambia. Ndugu yako anakanyaga vizuri kuliko mimi. Nimeandika, nimekiri, basi. Kuna siku tulikereza miguu minne bila kusimama, na nilipoinua macho nikamkuta amefumba yake, na uso wake ulikuwa umefanana na wako mpaka nikaangusha patasi makusudi ili afumbue.

Jana tumemaliza wa thelathini na tatu. Akina mama wamekuja wamechukua vigoda vyao, kumi na moja vyote, wakaondoka navyo vichwani. Shija akavaa viatu, akaondoka.

Na asubuhi ya leo amekuja. Hakuna kigoda, hakuna kikao, hakuna aliyemwita. Alivua viatu mlangoni mwenyewe. Nikamwambia, "Baba mdogo, adhabu imekwisha. Nenda nyumbani."

Akasema anajua. Akasimama. Halafu akasema, "Kabula, nikanyage kidogo tu."

Baba, mwaka mzima nimetafuta mahali pa kumpiga mtu huyu. Nilidhani ni mgongoni, nilidhani ni kwenye heshima yake mbele ya watu wa barabarani. Nilimkanyagisha kwa ukali wote nilionao na kumbe nilikuwa nampa kitu. Leo ndiyo nimepaona. Amenionyesha mwenyewe, amesimama peku mlangoni, mzee mzima anaomba. Nikamwambia hapana. Sikupandisha sauti. Midomo yake ilitetemeka, na mimi niliitazama mpaka ikatulia.

Najua utasema ningemwita ndani. Lakini wewe hukumwita, Baba, ulikuwa na miaka yote ile na hukumwita. Nimefanya ulivyofanya. Kama kuna ubaya, tumegawana.

Sasa nikuage. Pumzika. Nakuahidi kerezo hili halitalala, nitalikanyaga mwenyewe kila siku nikiwa na mguu, na siku mguu ukichoka nitamtaja wa kurithi kwa jina lake, mbele ya watu, bila mafumbo. Kumsamehe Shija sijakuahidi, usiningojee. Yuko bado mlangoni, viatu mkononi, hajaondoka. Naanza kukanyaga, ausikie mlio.

Mwanao,
Kabula